Moyo Wangu na Chungu cha Mama Mkubwa

Kama leo umetoka hospitali na umeambiwa uache mafuta, chumvi, nyama ya nguruwe, pombe na sigara, nakujua. Kufa unakuogopa, lakini unaogopa zaidi kufika nyumbani na kusema. Nimeandika haya kwa ajili yako, sasa ambapo naweza kupanda kilima cha kwetu bila kusimama njiani kushika mti.

Kwetu ni milimani, upande wa Mapera, Mbinga. Nyumba zetu zimeshikilia mteremko, na mashamba yetu ni ngoro, yale mashimo tuliyorithi kwa mababu, yanayochimbwa kati ya matuta ya majani yaliyofukiwa ili mvua isiondoke na udongo. Katikati ya nyumba za ukoo kuna kibanda chenye kuta fupi. Hicho ndicho sengu. Wanaume wa ukoo hula humo pamoja. Kila mke hupika jikoni kwake, chakula huletwa sengu, na mkono wa kila mmoja huingia katika kila bakuli. Hapo ndipo mtoto wa kiume hujifunza kusema na kunyamaza. Koo nyingi siku zile zilikuwa zimeacha desturi hiyo. Sisi hatukuiacha, na tulijivuna.

Mtu anayekula peke yake kwetu ana mawili. Ama ni mchoyo, ama anaogopa sumu. Mimi nilileta la tatu, na hakuna aliyelijua jina lake.

Kaka yangu Otmar alifia sengu. Ulikuwa msimu wa kahawa, wakati wa baridi, ukungu umekaa mpaka mlangoni. Miaka ile soko lilikuwa limefunguliwa, wanunuzi binafsi wakapanda milima yetu na magari yao, na kahawa ikawa fedha ya papo kwa papo. Zamani sengu ilikula ugali, maharage na majani ya maboga. Nguruwe alikuwa wa Pasaka na harusi. Sasa kila jiko lilikuwa na dumu la mafuta, na maharage yasiyong'aa yakawa aibu ya mwanamke. Otmar alimega tonge, akachovya katika bakuli la nyama lililotoka kwa Mama Mkubwa, akalishika tonge hewani kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Kisha akaegemea ukuta. Tonge halikumtoka mkononi. Sisi tuliomwosha ndio tuliolitoa.

Mama Mkubwa ni mke wa Baba Mkubwa Gaudensi, kaka wa marehemu baba yetu na mkubwa wa sengu. Matangani hakuna aliyesema neno. Lakini kila mmoja alikuwa ameona ni bakuli la nani.

Mimi nilikuwa mpima kahawa wa kampuni moja ya binafsi. Shamba nilimwachia mke wangu Esteri, nikawa mtu wa kupanda gari, kiti cha mbele. Mchana nilikula kitimoto, nguruwe wa kukaanga, mjini Mbinga, jioni nikala tena sengu, katikati nilivuta sigara. Kitambi kikaanza kunitangulia kila ninapoingia. Mama yangu alifurahi. "Sasa unafanana na mtu," alisema.

Kahawa ilipochanua, milima yote ikanukia, nami nikaanza kubeba jiwe. Sijui jina jingine. Nilikuwa napanda kumfuata Esteri kwenye ngoro, nikahisi mtu amepiga goti juu ya kifua changu na hana haraka ya kuondoka. Maumivu yakateremka mkono wa kushoto, yakanishika taya. Nilikaa chini, nikasingizia kufunga kamba za viatu. Esteri alitazama viatu vyangu. Vilikuwa ndala.

"Kesho hospitali," alisema. Hakusema zaidi, akaendelea kulima.

Benchi la hospitali ile lilikuwa limesuguliwa na makalio ya watu mpaka likawa laini kama mpini wa jembe. Nilikaa kati ya mama aliyekuwa akinyonyesha na mzee aliyefunga mguu kwa kitambaa cha shuka.

"Unaumwa nini, mwanangu?"

"Shikamoo, mzee. Kifua."

"Marahaba. Cha kukohoa?"

"Hapana. Kinabana tu."

Mzee alisogeza mguu wake mbali nami kidogo. "Kifua kisichokohoa kina mtu nyuma yake," alisema, kwa upole kabisa, kama anayenielekeza njia.

Daktari alinifunga kipimo mkononi, akakijaza upepo, akatazama, akarudia. Akauliza baba yangu alikufaje. Nikasema alianguka shambani, tukasema ni jua. Akauliza ndugu zangu. Nikamwambia habari za Otmar. Akaweka kalamu chini.

"Unakula nini?"

"Ninakula vizuri, daktari."

"Ndicho ninachoogopa."

Alinipa vidonge, na kwa sababu vidonge vilikuwa havipatikani kila mwezi, akanipa pia maneno. Acha nyama yenye mafuta. Acha chumvi, pombe, sigara. Kula vya shambani. Rudi kwenye miguu yako, taratibu, gari liwe la kahawa. "Kula kama babu yako alivyokula siku ambazo si sikukuu," alisema. Yalionekana mambo mepesi. Nikashuka ngazi za hospitali nikidhani nimepona nusu.

Esteri alinipikia maharage ya kuchemsha na nyanya, majani ya maboga, bila mafuta, bila chumvi, akakamulia ndimu. Nikachukua bakuli langu, nikaingia nalo sengu.

Kolumba, mtoto wa Baba Mdogo, rika langu, ndiye aliyeliona kwanza. Kolumba hajawahi kuona kitu akanyamaza.

"Jamani, mwenzetu amehamia kwa sungura."

Wakacheka, hata mimi nikacheka. Baba Mkubwa hakucheka.

"Fidelis, bakuli hilo ni la nani?"

"Ni langu, Baba Mkubwa. Daktari amenikataza mafuta."

"Amekukataza mafuta, au amekukataza sisi?"

Kicheko kilikufa. Nikajaribu kueleza, nikataja moyo, nikataja presha. Kila neno lilipotoka niliona linakwenda kukaa mahali nisipolituma. Mdogo wa marehemu anakataa kula bakuli moja na wenzake. Mdogo wa marehemu amejua jambo. Mkono mmoja ukarudi kutoka bakuli la Mama Mkubwa, kisha wa pili. Jioni ile chakula chake kilirudi jikoni kikiwa nusu. Baada ya juma kilirudi kizima.

Sikumtaja mtu. Naapa sikumtaja mtu. Lakini kwetu mtu akihamisha mkono wake kutoka bakuli moja kwenda jingine, amekwisha kutaja.

Mvua za kwanza zilipoanguka Mama Mkubwa alinikuta barabarani. Huyu ni mama aliyenibeba mgongoni mama yangu alipougua. Hakunisalimu.

"Ukila kwangu hufi, mwanangu," alisema. "Usipokula, mimi ndiye ninayekufa."

Nilimwambia nitamsemea kwa wazee. Akanitazama kama anayetazama mtoto anayeahidi kumnunulia gari, akajitwisha maji yake, akaenda.

Kolumba sasa alikuwa anatembea nyumba kwa nyumba. Hakufanya hivyo kwa ubaya. Alimpenda Otmar kuliko sote. Alitaka Baba Mkubwa na mkewe wapelekwe kwa mganga wa kunyoa, wanyolewe vichwa wanyweshwe dawa, ili kama wana kitu kiwatoke. Wazee wakavuta muda. Esteri akaendelea kunipikia, na mwili ukaanza kuniitikia: nilifika kisimani bila jiwe, usingizi ukarudi, mkanda ukaongezwa tundu. Afya yangu ilikuwa inapanda ngazi moja na jina la Mama Mkubwa linashuka ngazi ileile.

Krismasi alichinjwa nguruwe. Mama Mkubwa alipika kama mtu anayepika mara ya mwisho. Bakuli lake likakaa katikati ya sengu, likitoa moshi, na hakuna mkono uliosogea. Nikamwona amesimama mlangoni mwa jiko lake, mvua inamnyeshea bega moja, hataki kuingia ndani wala kutoka nje.

Nikala.

Nisikudanganye, ilikuwa tamu. Ngozi ya chumvi ilipasuka kati ya meno, mafuta yakanitiririka mpaka kwenye kifundo cha mkono. Nilikula mpaka nikaona Baba Mkubwa amefumba macho. Na wengine wakaanza kula. Kolumba naye alikula. Nilipoinua uso mlango wa jiko ulikuwa mtupu. Mama Mkubwa alikuwa ameingia ndani kukoka moto wake.

Siku ya pili yake, nikipanda kilima kutoka kanisani, niliangushwa. Safari hii goti lilikuwa la watu wawili. Nakumbuka tope kwenye shavu na jasho la baridi mgongoni. Kama ni nyama ile, au ni kilima, au ni kitu kilichokuwa kinanisubiri tangu tumbo la mama, sijui, na daktari hakusema anajua. Wanaume walinitia kwenye machela. Kolumba alikuwa mbele, na sauti yake ndiyo niliyoisikia mpaka nikapotea.

"Mmeona? Alikula kwao jana. Mmeona wenyewe."

Wodini siku zangu zilikuwa sindano: ya asubuhi, ya mchana, ya jioni. Miguu ilivimba, nikibonyeza kidole shimo linabaki, kama ngoro. Usingizi niliupata nikiwa nimekaa. Mwanamume wa kitanda cha jirani alikufa akiomba maji, na shuka lake likafuliwa likarudi juu ya mtu mwingine kabla jua halijapanda. Rehema zilikuwa ndogo. Sista mmoja alinifungulia dirisha kila mvua iliponyesha, bila kuombwa, akijua tu kwamba mtu wa milimani hupenda kusikia mvua.

Esteri alilala chini, juu ya kitenge. Siku moja alikuwa akinikanda miguu, akasema bila kuinua kichwa, "Ulikula kwa ajili ya Mama Mkubwa. Mimi na watoto ulituacha kwa nani?"

Alimaliza mguu wa kushoto, akaanza wa kulia.

Daktari alisema nisirudi kilimani kwanza. Tukateremka na lori mpaka Mbamba Bay, kijijini kwa wakwe zangu, ambako nchi imelala tambarare na Ziwa Nyasa limejaza macho. Mvua za masika nilizimalizia huko. Asubuhi nilitembea mchangani: mpaka mtumbwi wa kwanza, juma lililofuata mpaka wa pili, baadaye mpaka miamba. Mama mkwe, kwa heshima ya kwetu na kwao, hakuwahi kukaa nami uso kwa uso; lakini sahani yake ilinifikia kila siku kupitia kwa Esteri, kisamvu kilichotwangwa mpaka kikawa uji, muhogo wa kuchemsha, maharage, papai. Usipa, dagaa wa ziwa lile, ulianikwa mbele ya kila nyumba, unanukia mpaka mate yanakutoka, nami nikipita baba mkwe aliwaambia wenzake, "Mkwe wangu mtu wa milimani. Aliachana na nguruwe, sasa hata dagaa hawasalimii."

Nilikonda. Nguo zikaning'inia, mashavu yakaingia ndani. Waliokuja kunijulia hali waliondoka wakimnong'oneza Esteri ule ugonjwa mwingine, ule ambao miaka ile ulikuwa unakondesha watu kila kijiji. Alivumilia na hilo pia. Chakula bila chumvi, nikwambie ukweli, miezi miwili ya kwanza ni kama kutafuna ukuta. Ndimu inasaidia, na tangawizi na kitunguu saumu. Halafu siku moja, bila kutangaza, maharage yanarudi kuwa na ladha ya maharage. Mimi nilikuwa nimeisahau tangu utoto.

Habari za nyumbani zilikuja na muuza vitunguu. Baba Mkubwa na Mama Mkubwa walikuwa wamenyolewa. Vijana waliwasindikiza kwa mganga, Kolumba akiwaongoza, wakarudishwa na vichwa vyeupe kama mayai. Tangu siku hiyo Baba Mkubwa alikuwa hakanyagi sengu aliyoijenga kwa mikono yake. Mama Mkubwa alikuwa akipika kila siku, akipeleka, na kila siku akirudishiwa.

Nilirudi kahawa ilipoanza kuiva. Sikupitia kwangu. Nilikwenda jikoni kwa Mama Mkubwa, nikamkuta anachambua mboga. Nywele zilikuwa zimeanza kuota, fupi, nyeupe, za mtoto mchanga.

"Shikamoo, Mama Mkubwa."

Alimaliza kwanza jani aliloshika. "Marahaba. Umekuja kumalizia?"

"Nimekuja kula. Naomba unipikie maharage. Bila mafuta na bila chumvi."

"Hicho ni chakula cha njaa."

"Ndicho ninachokula."

Alipika huku akinigeuzia mgongo. Maharage yalipoiva nilisokota ngata, nikaiweka kichwani, nikajitwisha chungu mwenyewe. Mwanamume kwetu habebi chungu cha mboga kukipeleka sengu. Watoto walinifuata wakicheka, wanawake wakashika midomo. Nikaingia, nikakitua, nikanawa, nikala mbele ya wote.

Usitegemee kwamba waliguswa. Walisogea. Kolumba alibeba ugali wake akahamia ukuta wa pili. "Huyu amezoea sumu," alisema, "sasa inamnenepesha." Hapo hata yeye aliona sina cha kunenepa, akarudia ugali wake.

Nilifanya hivyo kila jioni ya msimu ule. Mama Mkubwa alipika, nikabeba, nikala upande wangu. Jioni moja ya baridi mlango ukaingia giza, nikainua macho, nikamwona Baba Mkubwa. Alikaa karibu nami pasipo kumsalimu mtu, akamega, akachovya. Tulikula mpaka wengine wakaondoka.

"Lile jiwe lako," aliniuliza, "lilikuwa linakaa wapi?"

Nikamwonyesha. Akaweka kiganja chake kifuani, mahali palepale.

"Langu nalo linakaa hapo. Tangu kabla ya msiba wa Otmar."

"Baba Mkubwa, kwa nini hukusema?"

"Ningesema, na mngeniuliza nani amenitupia. Mtu mzima akisema anaumwa hapa, lazima mwingine anyolewe." Akajipapasa kichwa. "Nilidhani nikinyamaza hakuna atakayenyolewa."

Alikubali kwenda hospitali kahawa ikiisha kuanikwa. Kahawa haikumngoja. Alianguka kwenye vichanja, akigeuza kahawa, na aliyekuwa karibu ni Kolumba. Tulimbeba pamoja, Kolumba mbele, mimi nyuma, safari hii hakuna aliyepiga kelele. Tulifika. Tukamlaza kwenye lile benchi huku wakitafuta chumba, na kwenye benchi lile akatutoka, kichwa chake chenye nywele fupi mapajani mwa Kolumba.

Kolumba alikuwa anahema. Tulikuwa tumembeba mwendo mrefu, lakini mimi mgonjwa nilikuwa nimekwisha kutulia, na yeye bado alikuwa ameshika ukuta. Daktari alimtazama, akamtazama marehemu, akanitazama mimi. Akamwambia Kolumba akunje mkono wa shati. Akamfunga kipimo, akakijaza upepo, akatazama, akarudia.

"Huyu mzee ni nani kwako?"

"Baba yangu mkubwa."

"Na Otmar?"

"Ndugu yangu."

"Unakula nini?" daktari aliuliza.

Kolumba, ambaye hajawahi kukosa la kusema, alitazama sakafu.

Tulimzika Baba Mkubwa mvua za kwanza hazijaanza. Matanga yalikuwa makubwa. Watu walikuja kutoka mbali, hata Namswea. Wanaume wa ukoo tuliingia sengu tukiwa na udongo kwenye kucha. Nyama ililetwa kutoka kila jiko, yenye kung'aa. Mwisho akaja Mama Mkubwa mwenyewe, kichwa amekifunga kaniki, akatua chungu chake cha maharage mbele yangu, akatoka.

Nikanawa. Nikala. Baada ya muda nikasikia mtu anajikokota kutoka ukuta wa pili. Kolumba alikaa chini, magoti yake yakagusa yangu. Mkono wake ulisimama juu ya chungu, sengu nzima ikiutazama. Nilikumbuka mkono wa Otmar. Kisha ukashuka, ukachovya, ukapanda mdomoni. Akatafuna sana.

"Hayana chumvi," alisema.

"Hayana."

Akamega tonge jingine.